Rangi ya Mwezi wa Tatu

Shule niliishia darasa la sita. Sikufeli, niliondoka mwenyewe nikaenda kubeba tofali Kigoma mjini. Nasema mapema ili anayesoma ajue ni nani anayeandika. Leo nina kampuni ya kupaka rangi yenye magari manne meupe, nina nyumba Brampton, pembeni ya Toronto, yenye gereji ya milango miwili, na kati ya vijana ninaowalipa mshahara wamo wawili wenye digrii. Toronto nilifika nikiwa na begi moja na koti la kuazima. Hakuna aliyenishika mkono. Kama yupo anayesema alinishika mkono, aje aseme mbele yangu.

Serikali ya huku niliijulia mlango wa nyuma, rola mkononi.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mreno mwenye sauti kama msumeno. Mwaka mzima tulihangaika na nyumba za watu, chumba leo, ngazi kesho. Ukifika mwisho wa mwezi wa pili simu yake inaanza kulia na hainyamazi. Ofisi za serikali ya jimbo, Don Mills, katikati ya mji, huko North York, wote wanataka kitu kimoja: rangi, na iwe imekwisha kabla ya tarehe thelathini na moja ya mwezi wa tatu. Ukimwambia mwenye ofisi utamaliza tarehe moja ya mwezi wa nne, anakukatia simu. Mwaka mmoja nilipaka ukuta ambao mwaka uliotangulia niliupaka mimi mwenyewe, rangi ileile, kopo la namba ileile. Nikamwambia mama wa ofisi, "Mama, huu ukuta mzima." Akatazama mlangoni kwanza, kisha akanitazama mimi. "Paka tu," akasema taratibu.

Mreno alinieleza tukiwa tumekalia ndoo tunakula. Alisema huku kila jimbo lina serikali yake na bunge lake, na mwaka wa hela wa jimbo letu unaisha mwisho wa mwezi wa tatu. Bunge la jimbo linatoa hela kwa mwaka mmoja, siyo zaidi. Kila wizara inapata fungu lake, wizara inawagawia taasisi zake, taasisi nazo zinawagawia wadogo zao, mpaka chini kabisa kwenye vituo na vyumba vyenye mazulia yaliyochanika. Ukibakisha hela, tarehe thelathini na moja inarudi ilikotoka. Hapo bado hujaumia. Utaumia mwaka unaofuata, wakati wa kupanga makadirio, pale mtu ambaye hutamwona maishani mwako atakapotazama karatasi yako na kusema: hawa walibakisha, kwa hiyo hawakuhitaji. Anakata. Na akishakata, hairudi.

"Ndiyo maana sisi tunakula," Mreno akasema, akajifuta mikono kwenye suruali.

Maneno hayo niliyachukua, na nilipofungua kampuni yangu niliijenga juu yake. Mwezi wa kumi na mbili naanza kupita maofisini na kalenda, peremende na maneno mazuri. Mwezi wa pili nakodi vijana wa ziada. Mwezi wa tatu silali vizuri na nafurahi. Wenzangu waliosoma walikuwa wanaitazama bajeti kwenye televisheni wakibishana vyama. Mimi nilikuwa naijua kwa harufu.

Basi, mama yangu nilimleta mimi, kwa nauli yangu, na nilimpa chumba chenye choo chake. Majira ya baridi ya kwanza alikaa kwangu Brampton. Asubuhi mimi natoka, mke wangu anakwenda zamu hospitalini, watoto shuleni. Jioni bibi anawauliza wajukuu kwa Kiswahili, wajukuu wanamwelewa, wanamjibu kwa Kiingereza, na kila mmoja anabaki na lugha yake mkononi kama mtu aliyepewa glavu moja. Siku moja nilimkuta amekaa sebuleni amevaa kitenge cha kutokea, taa zote zimewashwa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nyumba yako nzuri, baba, lakini inanitazama."

Akataka chumba chake mtaa wa Jane na Finch, huko Toronto, kwenye maghorofa ya wahamiaji. Nilikataa, mke wangu akakataa, na mwezi uliofuata mama akahamia Jane na Finch, ghorofa ya kumi na mbili. Huko ukiingia kwenye lifti unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mombasa kabla mlango haujafunga. Ila kilichompeleka hasa ni kituo cha wazee.

Kituo kilikuwa mwendo wa basi mbili kutoka kwake, kwenye safu ya maduka, katikati ya duka la matairi na kinyozi. Hela yake ilitoka serikali ya jimbo, mwaka kwa mwaka. Asubuhi gari jeupe lenye viti linasimama chini ya ghorofa, dereva wake Mkongomani anapaza sauti, "Bamama! Bapapa! Tuende, tulishachelewa!" hata kama hawajachelewa. Wazee wanapelekwa, wanakula chakula cha moto, wanacheza drafti, wanasengenya wakwe zao, saa tisa wanarudishwa. Mama yangu huko alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na kiti chake, cha tatu kutoka kwenye hita, na ole wako ukikikalia.

Viti vilipangwa kuzunguka kuta. Nyuma ya kila kiti, pale mzee anapoegemeza kichwa, ukuta ulikuwa na doa la mafuta, duara jeusijeusi. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, hina, kila kichwa kiliacha cha kwake. Macho yangu ya kazi hayakuweza kuvumilia.

"Mama, mnaharibu ukuta."

"Ukuta wako?"

"Nasema tu."

"Siku utakayoununua ndiyo utaniambia. Sasa hivi sogea, unanizibia hita."

Bibi mmoja wa Kirundi aliyekaa pembeni yake alicheka mpaka akakohoa. Nilisogea. Mtu mwenye magari manne, nilisogea.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa mama wa rika langu, Mwismaili mzaliwa wa Dar es Salaam, Upanga, anayeishi Unionville. Msomi, digrii mbili, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha nyuma ya kaunta ya duka la baba yake: cha haraka, kisicho na deni. Mimi alikuwa ananiita Fundi. Mimi nikimwita Dada. Wazee walimpenda kwa sababu alijua nani ana kisukari na nani anasema uongo kwamba hana.

Mwaka wake wa kwanza pale theluji ilikuwa mbaya. Asubuhi nyingi barabara zilifungwa, gari halikutoka. Mwishoni mwa mwezi wa pili nilikwenda kumchukua mama, nikapita ofisini kwake kama ninavyopita kote.

"Dada, una hela imebaki?"

"Hilo ni swali la kumwuliza mwanamke, Fundi?"

"Nakuuliza kwa sababu mwezi wa tatu unaingia."

"Imebaki. Fungu la gari. Gari limelala siku nyingi, dereva na mafuta yote hayakutumika." Alisema kwa furaha, kama mama wa nyumbani aliyefika mwisho wa mwezi na unga bado upo.

"Itumie."

"Kwenye nini? Gari litakunywa mafuta ya safari ambazo halikwenda?"

"Omba ruhusa uhamishe. Paka rangi, nunua viti, badilisha zulia. Watakukubalia, mwezi huu wanamkubalia kila mtu. Lakini usiirudishe."

Akaweka kalamu chini. "Na rangi atapaka nani?"

"Mimi."

"Nilijua."

"Hata ukimwita mwingine, Dada. Mwite adui yangu. Nakupa siri ya nchi hii bure."

"Unanitafutia faida au unajitafutia kazi?"

"Vyote viwili."

Alicheka, na alipocheka nilijua nimeshindwa. "Sikiliza, Fundi. Mimi nimekulia dukani. Kwetu ukitumwa kununua kitu unarudisha chenji, na unasimama palepale mpaka aliyekutuma aipokee. Hii hela ya walipa kodi. Wewe hulipi kodi?"

"Nalipa sana. Nalipa kuliko wengi."

"Basi unataka nikuchezee hela yako?"

"Ichezee, Dada. Nimekuruhusu."

Hakuichezea. Aliirudisha yote, na maelezo mazuri juu yake, kwamba kituo kimeokoa kiasi hiki kutokana na hali ya hewa. Wizarani wakamshukuru. Aliniita hasa nije nisikie. "Umeona? Wamesema asante."

Nikamwambia, "Vizuri." Nilipofika nje nilimkuta dereva Mkongomani anafuta kioo cha gari kwa kitambaa chekundu, anaimba. Nilisimama nikamtazama muda. Akaniuliza, "Patron, kuna nini? Gari ina kasoro?" Nikamwambia hakuna kitu, gari zuri.

Mwaka uliofuata hakuna lililotokea kwa kishindo. Ndiyo tabia ya mambo haya. Majira ya joto vijana wawili wa wizara walikuja, wapole, wana chupa zao za maji, wakapanda gari na wazee, wakauliza gari hutoka mara ngapi, siku likilala wazee hufanya nini. Bibi wa Kirundi akawajibu kupitia mkalimani kwamba siku gari likilala wao hukaa nyumbani, hawajafa. Alikuwa anatania. Wakacheka, wakaandika.

Majani yalipoanza kuanguka, mkataba wa dereva, ambao kila mwaka ulikuwa unaandikwa upya mapema, haukuandikwa. Alipewa nyongeza ya mwezi. Ukaisha, akapewa mwezi mwingine. Alinikamata kwenye maegesho, pumzi yake inatoka moshi.

"Patron, wewe unajua mambo ya serikali. Mbona sasa bananipa mwezi moja-moja?"

"Wanasubiri bajeti."

"Miye nina batoto batano. Banakula mwezi moja-moja?"

Ofisini mashine ya fotokopi ilipoharibika hakuna aliyekuja kuitengeneza. Iliwekwa kitambaa na maua juu yake. Dada mkurugenzi alianza kuzima taa za korido mchana. Sikumwuliza kitu. Mama yangu ndiye aliyeuliza, kwa sababu mama haachi jambo.

"Kwa nini yule mtoto wa Kihindi siku hizi anatupikia wali mtupu?"

"Anabana matumizi, mama."

"Ya nani?"

Siku ya bajeti nilikuwa kwa mama, ghorofa ya kumi na mbili. Huku wana desturi kwamba waziri wa fedha ananunua viatu vipya vya kusomea bajeti, na waandishi wanakuja kuvipiga picha kabla ya hotuba. Mama aliipenda desturi hiyo kuliko yote waliyonayo wazungu. Kila mwaka alitaka kuona viatu. Mwaka ule waziri alionyesha viatu vya zamani alivyovitia soli mpya.

"Hivyo siyo vipya," mama akasema.

"Kavitia soli, anaonyesha kwamba hawatatumia ovyo."

"Mtu anayetia soli viatu anavivaa ananyamaza. Huyu kavileta nivione." Akavuta blanketi mpaka kifuani. Kwenye televisheni wanapiga makofi. "Mwambie dereva atafute kazi nyingine."

"Mama, bajeti ni hotuba tu. Hela zenyewe bado zinapitishwa bungeni."

"Wewe si unajua kila kitu? Nenda basi ukawaambie."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi siyo mtu wa kuambiwa hivyo nikakaa. Nilikwenda ofisi ya mbunge wetu wa jimbo, pale karibu na kituo cha mabasi, na koti langu la suti. Mbunge hayupo. Kulikuwa na binti msaidizi wake, mwenye adabu, akanieleza kwa kuchora kwenye kitabu chake. Baada ya bajeti, kila wizara inaleta makadirio yake ya matumizi. Kuna kamati ya bunge inayochagua wizara chache tu na kuzihoji kwa saa nyingi, hela hii ya nini, ile ya nini.

"Na zile ambazo hazikuchaguliwa?"

"Zinahesabiwa zimepitishwa."

"Bila kuulizwa?"

"Bila kuulizwa."

"Na wizara ya wazee wetu?"

Akapekua kwenye kompyuta yake, akatabasamu. "Haikuchaguliwa." Alinipa kama habari njema. Sikumlaumu, mtoto mzuri, akanipa na siku ya kwenda kusikiliza.

Nilimchukua Dada mkurugenzi twende wote. Aliogopa kwenda peke yake, na mimi pia, sisemi kwa majivuno, sikutaka kwenda peke yangu. Lile jengo la bunge ni la mawe mekundu, limekaa kwenye majani katikati ya mji, barabara zinapinda kulikwepa. Walichukua simu zetu, wakatupekua mifuko, wakatupandisha kwenye roshani ya wageni. Masharti: usiongee, usipige makofi, usiegemee ukingo.

Mimi nyumbani nilikuwa nasikiliza bunge la bajeti redioni. Kule Dodoma katibu anasoma fungu, anasoma kifungu, kimoja baada ya kingine, mwenyekiti anahoji, wanasema ndiyo, walioafiki wameshinda, hadi unasinzia kitini. Nilidhani na huku ni hivyo. Nilijiweka tayari. Nilikuwa nimewahi kusema na wakurugenzi, na mameneja wa benki, na polisi, Kiingereza changu hiki hiki, wakanisikiliza. Nilijiambia nitasikia fungu letu likitajwa, na nitajua nani kasema ndiyo, na sura yake nitaikumbuka.

Chini kule wabunge wengine walikuwa wanaandika kadi za salamu, mmoja anakula peremende. Karani akasimama, karatasi mkononi. Akasema wizara zifuatazo hazikuchaguliwa, makadirio yake yanahesabika yamekubaliwa. Akasoma jina la kwanza. Akaanza la pili. Sauti ikatoka mahali fulani upande wa kulia, neno moja tu, la mtu aliyechoka, kwamba orodha isisomwe, inatosha. Karani akakaa.

Kufungua kopo la rangi kunachukua muda zaidi.

Wakaendelea na jambo jingine. Dada akaniinamia. "Yetu imesomwa?"

"Haijasomwa."

"Watasoma saa ngapi?"

Askari wa bunge aliyekuwa mlangoni akainua kidole kimoja akitutazama. Hakukasirika hata kidogo. Mikono yangu niliikuta imeshika kiti cha mbele, na kucha zina rangi.

Nje kulikuwa na jua na kindi wanakimbizana kwenye majani. Dada alitembea haraka mbele yangu, akasimama. "Labda hawajakata. Hujui. Hukuona karatasi."

"Ulisikia mtu akitaja gari?"

"Hapana."

"Wazee?"

"Hapana."

"Ulisikia mtu yeyote akikataa kitu?"

Akafungua mkoba akatafuta miwani ya jua iliyokuwa kichwani mwake.

Jibu lilimfikia katikati ya majira ya joto, kwa adabu zote. Fungu la gari limerekebishwa lilingane na matumizi halisi ya kituo. Kilichopunguzwa kilikuwa kilekile alichokirudisha, hata senti haikuzidi. Kilichobaki hakikutosha dereva wa mwaka mzima na bima. Dada alipiga simu wizarani, wakamsikiliza vizuri sana, kila mmoja akampa namba ya mwingine. Dereva Mkongomani akapata kazi ya kupakia vifurushi, zamu ya jioni. Siku ya mwisho hakupaza sauti chini ya ghorofa. Alipanda na lifti, akagonga mlango mmoja mmoja.

Hapo nataka nieleweke. Hakuna mtu aliyekifunga kituo. Hita iliwaka, wali ulipikwa, mlango ulikuwa wazi saa tatu kila asubuhi. Bunge lilitoa hela, wizara ikaleta hela. Ila wazee wa miaka sabini na themanini walitakiwa wapande basi, washuke njiapanda, wasubiri la pili kwenye upepo, wavuke barafu ya maegesho. Mwezi wa kumi walijaribu. Mwezi wa kumi na moja nusu yao walijaribu. Wiki ya kwanza ya theluji bibi wa Kirundi aliteleza kwenye kituo cha basi akavunjika nyonga, na baada yake watoto wa wengine wakawakataza wazazi wao kutoka.

Mama yangu nilimpeleka mimi, kwa gari langu la kifahari, kabla sijaenda kazini, na njiani nilichukua mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa bingwa wa drafti. Siku moja nilimkuta yule mzee anacheza drafti peke yake, anazungusha ubao, anahamia upande wa pili. Kuta zote nne zina viti, nyuma ya kila kiti doa, na wazee watatu wamekaa. Dada ofisini anaandika idadi ya waliohudhuria, maana mwaka unaofuata hela ingetolewa kwa vichwa. Alifunika kwa kiganja nilipoingia.

"Wapigie, Dada. Mmoja mmoja."

"Nawapigia kila asubuhi, Fundi. Wananiuliza gari linakuja saa ngapi."

Nilijitolea kununua gari. Nilikuwa na uwezo huo na ninao mpaka leo. Bima ya kubeba wazee, leseni ya dereva, kibali: nilifika dirisha la tatu nikaambiwa nianze upya dirisha la kwanza, na msimu wa kazi ukaingia. Yule mzee wa Uvira akahamia Ottawa kwa bintiye. Asubuhi moja ya baridi kali nilimfuata mama, nikamkuta hajavaa koti.

"Leo usinipeleke."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakwenda kukaa na viti. Vya kukaa navyo ninavyo hapa."

Akawa anakaa dirishani. Kutoka ghorofa ya kumi na mbili unaona maegesho yote na pale gari jeupe lilipokuwa likisimama. Mwanzo aliongea. Baadaye nikimpigia simu anasema ndiyo, hapana, nimekula. Kisha akaanza kuniuliza kama ni asubuhi au jioni. Nilimpeleka kwa daktari mzuri, nililipa mpaka mkalimani ingawa mimi mwenyewe nipo, daktari akasema anahitaji watu wa kuongea naye. Nikamwambia daktari, hilo ungeniuliza hata mimi.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata simu zangu zililia kama kawaida. Don Mills, katikati ya mji. Nilikuwa juu ya ngazi ilipoingia ya Dada.

"Fundi."

"Dada."

"Nina hela imebaki."

Nilishuka ngazi kwanza. "Ya nini?"

"Ya kurudisha jengo. Tunafunga. Mwenye jengo anataka kuta nyeupe kabla hajachukua funguo. Inatakiwa itumike kabla ya tarehe thelathini na moja."

Kazi ile sikuwatuma vijana. Nilikwenda mwenyewe na gari moja jeupe, nikatandika turubai. Viti vilikuwa vimeshachukuliwa, lakini ungeweza kuvihesabu kwa madoa, duara baada ya duara kuzunguka chumba, mengine juu kidogo, mengine chini, kila mzee na kimo chake. Nilipaka mkono wa kwanza. Nikanywa chai. Niliporudi yalikuwa yameshatoka tena, mafuta hayazibiki kwa rangi ya kawaida. Nilijua, fundi yeyote anajua. Sijui kwa nini nilijaribu.

Nikafungua rangi ya chini, ile yenye harufu kali ya kufunga madoa, nikachukua brashi ndogo, nikaanza mlangoni. La bingwa wa drafti. La bibi wa Kirundi. La tatu kutoka kwenye hita nilipaka mara mbili. Dada alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, funguo mkononi, pua ameziba kwa mtandio.

"Yatarudi?"

"Hayarudi. Nimeyafunga."

"Ungenilazimisha, Fundi."

"Wewe?" nikasema. "Nani angekulazimisha wewe?"

Akatikisa kichwa, akakaribia kucheka. Kazi yangu alinilipa siku ileile, kamili, na risiti akataka.

Kutoka pale nilipitia kwa mama, na lile gari la kazi, ngazi juu na ndoo nyuma. Nilisimama pale chini ya ghorofa, mahali palepale, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Nikajibu simu mbili za kazi, kisha nikafungua mlango wa jengo. Lifti ikafunguka kabla sijaibonyeza, mama akatoka. Amevaa koti, kofia, viatu vya theluji, kitenge cha kutokea. Mkoba ameushika kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umeamka, sikuwa nimeuona hivyo tangu baridi ianze.

"Nimeliona kutoka juu," akasema. "Limechelewa leo."

Akanipita, akatoka nje kwenye upepo, akaliendea gari, akasimama kwenye mlango wake akisubiri afunguliwe. Nikamfungulia. Nikamfunga mkanda.

"Mbona unaendesha wewe? Yule wetu yuko wapi?"

"Anaumwa, mama."

"Na gari linanuka nini?"

"Rangi."

"Aa. Wamepaka." Akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho. "Twende basi. Wenzangu watakuwa wameshafika."

Nikawasha gari.